Kozi ya mtandaoni ya uongozi wa benki za chakula: stoo wanafundisha kweli, kwenye pesa wanababaisha

Nimeona watu wengi wanauliza kama kozi hizi za mtandaoni za uongozi wa benki za chakula zinafaa kulipiwa au ni kupoteza hela tu. Wengine wamechoka na ofisi wanataka kazi yenye maana, wengine wapo tayari stoo wanabeba maboksi na wanataka wapande wawe mameneja, afu kuna wale wameona tangazo tu wakavutiwa na picha ya watu wanatabasamu wamevaa vesti za njano. Mie moja nimeimaliza na cheti ninacho, kwahiyo ngoja niseme. Jina la wenye kozi silitaji kwa sababu kuna mahali ntawasema na sitaki ugomvi na mtu, ila kozi nyingi za fani hii mpangilio wake unakaribiana, hata ukichukua nyingine haya yatakufaa.

Nyota tatu na nusu kwa tano. Upande wa stoo na usalama wa chakula wako vizuri mno, upande wa pesa wanababaisha, na kile ambacho mie naona ndo kazi yenyewe ya kiongozi kwenye fani hii, yaani kujua kukataa, wamekifundisha nusu wakaishia njiani.

Inaanza na historia, na hapo ukitaka ongeza spidi kidogo maana video ni ndefu. Ila isikupite habari ya John van Hengel wa Phoenix, Arizona, Marekani, aliyekuwa anajitolea kwenye jiko la kulisha maskini, akakutana na mama mmoja aliyekuwa analisha wanawe kwa vyakula vinavyotupwa na maduka, na hapo ndo likazaliwa wazo la kuwa na sehemu ya kuweka chakula na kukichukua kama watu wanavyofanya na pesa benki. Mwaka 1967 ikaanzishwa St. Mary's Food Bank. Mwaka wake wa kwanza tu ilitoa zaidi ya tani 120 kwa mashirika 36. Ukaja mtandao wa nchi nzima, Second Harvest, mwaka 1979, ambao tangu 2008 unaitwa Feeding America na una benki za chakula kama 200, Ufaransa nao wakaanza yao 1984, na 2006 ukaanzishwa The Global FoodBanking Network wa kuziunganisha na kuzisaidia za nchi mbalimbali. Majina na miaka utaulizwa kwenye kwizi, ndo maana nakuandikia.

Kilichonifurahisha kwenye moduli hiyo ya kwanza ni kwamba wanakutoa usingizini mapema. Watu wanadhani benki ya chakula ni pale mwenye njaa anapopanga foleni na kupewa mfuko. Sehemu nyingi sivyo (Uingereza ndo jina hilo wanalitumia sana kwa kile kituo cha mtaani chenyewe, huko msichanganye). Benki ya chakula ni ghala: inapokea mizigo mikubwa toka viwandani, mashambani na kwenye maduka makubwa, inachambua, inatunza, afu inapeleka kwa vituo, mashule, nyumba za ibada na mashirika madogo ambao ndo wanakutana na mlaji. Kwahiyo ukiwa kiongozi wa benki ya chakula siku yako nzima ni malori, friji, madereva, karatasi na simu. Kama ulitaka kazi ya kugawa mkate kwa mkono wako na kuambiwa asante, bora ujitolee kituoni, hutalipwa ila roho itatulia. Wenzangu kadhaa kwenye kundi letu waliposikia hivyo wakapotea na hatukuwaona tena.

Sasa moduli ya stoo. Hapa sina la kusema zaidi ya pongezi. Hawakupi nadharia tupu, wanakupa lori. Yaani unafunguliwa karatasi ya Excel yenye mzigo wa mchanganyiko umefika mlangoni, kila paleti (lile jukwaa la mbao linalopangiwa maboksi) ina maelezo na picha, na wewe unaamua: pokea, rudisha au tupa, afu uandike sababu. Paleti ya mtindi, tarehe bado, boksi safi kabisa, ila kipimajoto kinaonyesha nyuzi 9. Kundi zima tukaandika pokea maana tarehe ipo mbali, akaja mkufunzi akauliza rekodi ya joto ya njiani iko wapi, haipo, basi haipokelewi, kwa sababu hujui imekaa kwenye nyuzi ngapi kwa saa ngapi, na kuanzia nyuzi 5 hadi 60 ndo vijidudu vinajistawisha. Makopo yaliyobonyea: yakibonyea ubavuni kidogo hayana neno, ila kama pigo limegusa mshono au kopo limevimba hilo unatupa bila mjadala, hapo unacheza na sumu inayoua. Unga wa mfuko uliochanika na kufungwa kwa gundi, tupa. Biskuti zilizopita tarehe ya "bora kabla ya" kwa wiki mbili, pokea, maana hiyo tarehe inazungumzia ubora tu, ladha na ukakamavu wake, siyo usalama, wakati ile ya "tumia kabla ya" ikishapita hamna cha kuomba radhi. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yakipita tarehe hata siku moja hayatoki, nukta.

Na kwenye kupanga rafu wanakutoa kwenye mazoea ya dukani ya kilichoingia mwanzo kitoke mwanzo. Mzigo wa msaada haufuati zamu, leo unaletewa kitu chenye miezi sita na kesho unaletewa hichohicho kimebakiza siku nne, kwahiyo unapanga kwa tarehe ya kuisha, kinachokaribia ndo kinatoka. Ni kitu kidogo ila nimeshaona maghala yanatupa chakula kizuri kwa sababu tu hakuna aliyebadilisha huo utaratibu.

Ubaya mdogo hapa ni kwamba mifano yao yote inachukulia una foklifti (kigari cha kunyanyulia mizigo), chumba cha ubaridi kinachofanya kazi na umeme usiokatika. Kuna mwenzetu aliuliza vipi kama huna chumba cha ubaridi kabisa, akajibiwa "tafuta mshirika". Sawa bosi. Wangeweza kabisa kueleza njia ile nyingine ambayo chakula hakipiti ghalani, duka linatangaza kilichobaki kwenye programu ya simu na kituo cha jirani kinakwenda kuchukua jioni hiyohiyo, kama FoodCloud wa Ireland walivyoanza. Hiyo imetajwa kwa sentensi moja tu, wakati kwa mtu anayeanza na mtaji mdogo ndo ingemfaa kuliko mambo ya foklifti.

Haya, tuje kwenye kukataa, ambako ndo nina maneno.

Kuna zoezi la simu. Mkufunzi anajifanya meneja wa kiwanda cha vinywaji, anakupigia mbele ya darasa zima, ana lori la soda, tarehe inaisha karibuni, anataka lipokelewe kesho asubuhi na waandishi wa habari wawepo. Wewe ndo mkurugenzi. Una dakika chache kumjibu. Wee, pale ndo utajua nani kiongozi na nani msindikizaji. Wengi walipokea. Mmoja alishukuru mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Afu mkufunzi akauliza maswali ya kawaida tu: dereva wa kuzisambaza kabla hazijaisha ni nani, mafuta analipa nani, zitakazobaki zitatupwa kwa gharama ya nani, na ghala likijaa soda mchele wa Jumatano utalala wapi? Kimya. Ukweli ni kwamba anayekuletea mzigo unaokufa kesho mara nyingine amekuhamishia wewe gharama ya kuutupa, na picha kapiga.

Na sababu ya watu kushindwa kukataa wameieleza vizuri, nawapa haki yao. Benki za chakula kwa miaka mingi zimejipima kwa kilo. Ripoti ya mwaka inasema tumegawa tani kadhaa, bodi inapiga makofi. Sasa soda ni nzito, lori moja la soda linapandisha namba zako kuliko lori la mboga za majani, kwahiyo kipimo chenyewe kinakusukuma upokee takataka. Wakatuonyesha mwongozo wa 2020 wa Healthy Eating Research, mpango wa utafiti wa lishe huko Marekani, ambao unaweka vyakula vya msaada kwenye makundi matatu kwa rangi, kijani chagua mara nyingi, njano mara mojamoja, nyekundu kwa nadra, kwa kuangalia mafuta mabaya, chumvi na sukari iliyoongezwa. Ukianza kuripoti kilo za kijani peke yake badala ya kilo zote, ghafla kukataa soda kunakuwa siyo hasara tena kwenye karatasi. Hii kitu peke yake imenifanya nisijute hela yangu.

Zoezi lingine lililonikosha ni mchezo wa mnada. Umetokana na kitu halisi: zamani mizigo mikubwa ya Feeding America ilikuwa inagawiwa kwa zamu toka makao makuu, benki ikifikiwa inaambiwa kuna mzigo fulani, chukua au acha, na huko juu hawajui nani ana nini ghalani, kwahiyo ungeweza kupelekewa viazi wakati eneo lako zima linalima viazi. Mwaka 2005, kwa msaada wa wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakaweka soko la pesa za kubuni, kila benki inapewa shea (ndo hizo pesa zenyewe) kulingana na ukubwa wa shida inayohudumia, inanadi mizigo inayoitaka, na shea zilizotumika zinarudishwa na kugawiwa upya. Na mzigo usiotakiwa bei yake inaweza kushuka chini ya sifuri, yaani unalipwa shea ili ukubali kuuchukua. Tulipocheza, watu wote tulikimbilia nafaka za kifungua kinywa na tambi kwa sababu zinakaa na hazina usumbufu, bei ikapaa, mboga zikabaki karibu bure. Mmoja wetu aliyekuwa anacheza kama benki ndogo akanyamaza, akaokota mboga zote kwa shea kiduchu na zile za bei hasi akazipokea ili ajaze mfuko wake, mwisho akanunua nafaka lori zima. Na kumbe hata kwenye soko lenyewe nafaka na tambi ndo zinapiganiwa, mboga zinaenda kwa bei ya kutupa. Ile saa moja ilinifundisha kuhusu kugawana haki kuliko hotuba zote za "uongozi wenye maono" walizotuwekea.

Maana hotuba zipo. Jamani zipo. Moduli nzima ya maono na shauku, mtu amekaa mbele ya ukuta mweupe anakuambia kiongozi lazima awe na ndoto. Ruka tu.

Sasa wapi wanakwama. Wanakufundisha kukataa chakula kibovu, hawakufundishi kukataa pesa yenye masharti mabaya, na hata kuiomba pesa yenyewe wanagusagusa. Kila mtu kwenye fani hii anajua chakula cha bure siyo bure. Kuna mafuta, matairi, umeme wa friji, kodi ya ghala, bima, mishahara ya watu wanaojua kazi, na ada ya kutupa vilivyooza. Mfadhili yupo tayari kununua lori jipya na kubandika nembo yake pande zote mbili, ila mshahara wa dereva wa kuliendesha hataki hata kuusikia. Mkurugenzi anashinda anahangaika na hilo. Kozi imetupa bajeti ya mfano ya ukurasa mmoja, kila mstari una pesa yake, hakuna hela iliyofungwa kwa mradi fulani, hakuna mwezi ambao ruzuku imechelewa, kila kitu kinasawazika. Nikauliza kwenye kipindi cha maswali, mfadhili akisema anatoa pesa lakini lazima zinunue bidhaa zake tufanyeje, nikajibiwa tujenge mahusiano. Mahusiano! Mkono mtupu haulambwi, tunajua, lakini mtu aliyelipa kozi ya uongozi anastahili jibu la namna ya kuandika mkataba.

Tena kuna mfano uliokuwa mkononi mwao kabisa. Yale maziwa ya kopo ya wachanga kwenye zoezi la stoo yamezungumziwa tarehe tu. Hawakugusa kabisa kwamba tangu 1981 kuna kanuni za WHO zinazoyataka makampuni yasigawe sampuli za bure kwa kina mama, kwahiyo kampuni ikikuletea paleti ya maziwa hayo ikitaka yagawiwe na vipeperushi vyake, kiongozi anatakiwa awe na jibu tayari. Hapo ndo kukataa chakula na kukataa mfadhili vinakutana, na wao wakapita kushoto.

Sheria nazo zimepitiwa mbiombio. Wametaja ile ya Marekani ya 1996 inayomlinda anayetoa chakula kwa nia njema asishtakiwe, wakataja ya Ufaransa ya 2016 inayoyataka maduka makubwa, yale ya zaidi ya mita za mraba 400, yaingie makubaliano na mashirika ya misaada kwa ajili ya chakula kisichouzika. Ila hawakusema matokeo yake kwa mtu wa ghala: sheria ikimsukuma mwenye duka atoe, mzigo unakuja mwingi zaidi na siyo lazima uwe bora zaidi, na wewe uwezo wako wa kuchambua ni uleule.

Halafu mlaji. Kozi nzima yenye neno njaa kwenye jina, mtu mwenye njaa amepewa video moja fupi, ya namna ya kupanga kituo ili watu wachague wenyewe kwenye rafu badala ya kukabidhiwa mfuko uliofungwa. Ni nzuri, chakula kinachotupwa kinapungua maana mtu hachukui asichokula, na mtu anatoka kichwa juu. Lakini nilitegemea pia mjadala wa lile swali gumu: hizi benki zinatibu au zinapoza? Kule Canada benki ya chakula ya kwanza ilifunguliwa Edmonton 1981, ilichukuliwa kama kitu cha muda tu, na mpaka leo zipo na zimezaana. Chakula kinachotupwa hakijawahi kupungukia, UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wanasema mwaka 2022 kilitupwa kama tani bilioni 1.05, karibu asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji duniani, na huku mamia ya mamilioni wanalala njaa, kwahiyo kazi ipo. Ila wengi wanaokuja vituoni wamekosa kipato, duka la chakula lipo hapo jirani yao. Je mkurugenzi aseme hadharani kuhusu mishahara midogo wakati nusu ya bodi yake ni waajiri? Mie nadhani aseme, na ajiandae kupoteza kiti. Kozi haina msimamo, wala haijauliza.

Kuhusu ajira, maana ndo wengi mnachotaka: cheti peke yake hakikupi kazi. Wanakuambia hivyohivyo kwenye video ya mwisho, baada ya kuwa umeshalipa. Nafasi za juu mara nyingi zinaenda kwa watu waliotoka kwenye biashara ya rejareja na usafirishaji, Claire Babineaux-Fontenot aliyeshika uongozi wa Feeding America 2018 alitokea Walmart, lile kampuni kubwa la maduka la Marekani. Nafasi za kati ni za kutafuta mizigo, kusimamia ghala, kukagua vituo washirika na kuchangisha, na ukiniuliza mie ya kukagua vituo ndo shule yenyewe, unaona friji za watu, unaona nani anagawa kwa haki na nani anampa shemeji kwanza. Kama umetoka kwenye uhasibu au lojistiki, kozi hii itakufungua macho upande wa chakula. Kama tayari uko ghalani miaka mingi, moduli ya stoo unaijua, nenda kwenye mnada na zoezi la simu tu. Kama umetoka shule sasa hivi na hujawahi kusimama mlangoni lori linaposhushwa, kajitolee kwanza hapo mlangoni pa kupokelea, siyo kwenye kugawa, afu ndo ulipe.

Huduma yao kwa ujumla ni ya wastani. Video zinakula bando balaa na hakuna ya ubora wa chini, ila maandishi yake unaweza kupakua na kusoma bila mtandao, anza na hayo. Kazi zinasahihishwa na watu wanaoijua fani, maoni yao marefu na ya kweli, shida yanachelewa mpaka umeshasahau uliandika nini. Kundi la wanafunzi limechangamka, bado tunaulizana mambo, juzi mtu alituma picha ya kopo akiuliza kama mshono umeguswa na majibu yakaja papo hapo.

Na wakikupigia simu kukushawishi uchukue ile daraja ya juu yenye mshauri binafsi, usichukue. Masomo ni yaleyale, tofauti ni maongezi na mshauri ambayo kwangu yaliahirishwa mara kwa mara, na alipopatikana akanirudishia yaleyale ya maono na ndoto. Niliomba nirudishiwe tofauti ya ada, bado "wanalifanyia kazi".